Tafuta Tundu Kwanza: Maneno Kuhusu Ile Taa ya Njano

Haya niliyasema Jumamosi ukumbini hapa Fort Worth, Texas, mbele ya ndugu wa jumuiya yetu. Wengi walikuwa zamu, wakaniomba niyaandike. Nimeyaweka kama nilivyoyasema.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, dada zangu, vijana, poleni na kazi za wiki. Ndugu zetu wa Burundi, amahoro. Najua Jumamosi ndiyo siku pekee ambayo wengi wenu mnalala mpaka jua lipande, kwa hiyo kuja kwenu hapa nakuheshimu sana.

Naomba nianze kwa swali. Ni nani hapa aliyekuja leo na gari ambalo taa ya injini inawaka? Ile ya njano, yenye kipicha cha injini. Nyosheni mikono. Msiogope, hapa ni nyumbani. Naona mikono kumi na tisa. Sasa, aliyekaa na hiyo taa zaidi ya miezi sita abakishe mkono juu. Mnaona? Mikono mingi haijashuka. Asanteni, shusheni sasa.

Nimeomba nafasi hii kwa sababu nimechoka kuona pesa za watu wetu zikipotea. Mtu anasimama mstarini usiku kucha akifunga maboksi, miguu imevimba, kisha mshahara wa wiki mbili unakwenda kwenye kifaa cha gari ambacho hakikuwa kibovu. Inaniuma. Na kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote ni kwenye jambo moja dogo: mvuke wa petroli unaovuja.

Mnanijua. Nimezaliwa Uvira kule Kongo, nimekulia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania, kama wengi mlio hapa. Ufundi wangu wa kwanza ulikuwa baiskeli. Nilikuwa na pampu, spana mbili, vipande vya raba, gundi na beseni la maji. Mtu anakuja, tairi limekwisha upepo. Nauliza, fundi anafanya nini? Anamwambia akanunue tyubu mpya?

(Ukumbi: Hapana!)

Hapana. Unaitoa tyubu, unaijaza upepo, unaizamisha kwenye beseni na kuizungusha polepole. Unatazama. Panapotoka povu, ndipo hapo. Unashika kwa kidole usipapoteze, unakausha, unakwaruza, unapaka gundi, unaziba. Kwanza tundu, pesa baadaye. Hata mtoto wa miaka kumi pale kambini alilijua hilo.

Sasa niambieni, kwa nini tukifika Marekani, tukipewa gari lenye kompyuta, tunaanza kununua tyubu kabla ya kuona povu?

Niwaeleze kwanza kinachovuja ni nini. Petroli, esansi kama tunavyosema kule kwetu, haikai kimya. Mnazikumbuka zile chupa za petroli za barabarani? Muuzaji akisahau kufunga chupa moja kwenye jua, jioni anaikuta imepungua na hakuna aliyeiba. Imepanda hewani. Tangi la gari lako ni chupa hiyo hiyo, ila kubwa, na kwa jua hili la Texas linachemka mchana kutwa kwenye maegesho ya kazini. Zamani mvuke huo uliachwa utoke tu. California ikaanza kuwataka watengenezaji wauzuie kwa magari ya mwaka 1970, na mwaka uliofuata ikawa nchi nzima, kwa sababu mvuke wa petroli ukikutana na jua pamoja na moshi mwingine wa magari unazaa ule ukungu mchafu unaobana kifua. Hewa ya eneo letu hili la Dallas na Fort Worth bado haijafikia kiwango cha serikali kwa uchafu wa aina hiyo. Wenye watoto wa pumu mnajua ninachosema, mwezi wa saba na wa nane.

Basi wakaweka kopo la mkaa. Ni mkaa kweli, uliotengenezwa ili unyonye mvuke, ukiwa ndani ya kopo la plastiki karibu na tangi. Mvuke unatoka kwenye tangi, unaingia kwenye mkaa, unasubiri. Ukiendesha gari, kompyuta inafungua vali mbele kwenye injini, injini inaunyonya ule mvuke na kuuchoma. Hiyo niiite vali ya kunyonyea. Kule nyuma kwenye kopo kuna vali ya pili ya kuingiza hewa safi, niiite vali ya kupumulia. Zishikeni hizi mbili, nitazirudia. Ongeza paipu, sensa ya kupima mgandamizo ndani ya tangi, na mfuniko wa kujazia mafuta. Basi, mfumo wenyewe ni huo.

Tangu magari ya mwaka 1996, sheria ya hapa inataka gari lijipime lenyewe. Kompyuta inafunga vali zote, inaweka mvuto au mgandamizo kidogo ndani ya mfumo, halafu inasubiri ione kama unashuka. Mwanzoni ilitakiwa igundue tundu la milimita moja. Kuanzia magari ya mwaka 2000 kiwango kikateremshwa hadi nusu milimita. Mnajua nusu milimita ni kiasi gani? Leteni ile penseli ya watoto ya kubonyeza. Ona huu wino wake mweusi, huu mwembamba unaovunjika ukiukazia mkono. Huo ndio nusu milimita. Tundu la ukubwa huu, mahali popote kati ya mfuniko na injini, linawasha taa yako.

Kwa hiyo taa ikiwaka na mtu akakusomea namba ya hitilafu kutoka kwenye kompyuta ya gari, P0442, maana yake kuna uvujaji mdogo. P0456, mdogo zaidi. P0455, mkubwa. P0457, mara nyingi ni mfuniko umelegea au haukurudishwa. Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Je, umesikia mahali popote kwenye namba hizo jina la kifaa kilichokufa? Hakuna. Gari limesema tu kwamba limejaribu kushika upepo likashindwa. Limesema tairi linapunguza upepo. Halijasema msumari uko wapi.

Nililipa ada ya somo hili mwenyewe. Gari langu la kwanza hapa nililinunua mwaka wangu wa pili, rangi ya fedha, limetoka mnadani. Taa ikawaka, P0455. Nikanunua mfuniko. Taa ikazimika siku nne, ikarudi. Nikadhani mfuniko ni feki, nikanunua mwingine wa bei. Ikarudi. Rafiki akaniambia ni vali ya kunyonyea, nikanunua vali. Ikarudi. Nikaenda gereji moja, jina lake nalihifadhi, wakasoma namba ileile niliyokuwa nayo mfukoni, wakaniandikia karatasi: kopo la mkaa jipya na kazi, dola 900. Hawakuliinua gari. Hawakutazama chini. Na mimi, mtu niliyekua nikitafuta povu kwenye beseni, nilikuwa tayari kukopa hizo pesa.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Mexico aliyekuwa na gereji ndogo nyuma ya duka la matairi. Kiingereza changu kilikuwa kibovu na chake hakikuwa bora sana. Alichukua mashine ya kupuliza moshi, akaunganisha mpira wake kwenye mfumo, akazima taa za gereji, akanipa tochi. Tukasubiri dakika tatu, nne. Kisha akanishika bega akanielekeza nyuma ya gurudumu la kulia, upande wa kujazia mafuta. Aliondoa ile plastiki inayofunika ndani ya gadi. Matope makavu yakamwagika. Na pale, kwenye bomba la chuma linaloteremsha mafuta kwenye tangi, uzi mweupe wa moshi ulikuwa unapanda, mwembamba, umenyooka, kama wa udi. Kutu. Gari lilikuwa limeishi kaskazini, wanakomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, na chumvi ilikuwa imejificha nyuma ya ile plastiki miaka yote hiyo. Bomba jipya, na kazi yake, halikufika dola 150.

Ndugu zangu, niliuona ule moshi nikaliona beseni langu. Ni kitu kilekile! Tangu siku hiyo nikaamua nitajifunza kazi hii.

Kwa hiyo mkienda gereji kwa taa hii, neno lenu la kwanza liwe: nionyeshe panapovuja. Hata Kiingereza kikiwa kidogo, nyoosha kidole, taja moshi, subiri uone kwa macho yako. Fundi mwema atafurahi kukuonyesha. Atakulipisha kipimo, na kipimo kina haki ya kulipwa kwa sababu ni kazi. Lipa kipimo. Usilipe bahati nasibu.

Vijana wangu mnaojifunza ufundi, mko hapa watano sita, nawageukia dakika mbili. Vali ya kupumulia, kwa kawaida yake, iko wazi muda wote. Ukipuliza moshi bila kuiamuru ifunge kwa mashine ya kusomea namba, moshi utatokea kwake, na utaihukumu bure. Nimeona vali nzima zikitupwa kwa kosa hilo. Ifunge kwanza, ndipo upulize. La pili, mgandamizo. Tairi lina psi, yaani kipimo cha nguvu ya upepo, 32 au 35. Mfumo huu unapimwa kwa chini ya psi moja. Usiunganishe kompresa ya kujazia matairi kwenye tangi la mtu, kamwe. Utapasua tangi, na humo ndani ni mvuke wa petroli. Na hizi mashine za moshi za kujitengenezea, zenye waya wa moto ndani ya kopo, mnaziona kwenye simu zenu. Kwa kutafuta uvujaji wa mfumo wa petroli sizitaki kabisa. Nunueni au azimeni ya kweli, na penye naitrojeni tumieni naitrojeni badala ya hewa. Nimemaliza na nyie.

Jambo la pili linahusu kujaza mafuta, na hapa nina habari ya mama mmoja ambaye amenipa ruhusa niisimulie. Ana watoto wanne na anapanga pesa yake kwa karatasi. Kila akijaza mafuta, anataka hesabu iwe nzima: dola 40 kamili, 45 kamili. Kwa hiyo pampu ikijikata yenyewe kwenye 38 na senti kadhaa, yeye anabonyeza tena, taki, tena, taki, mpaka ifike. Mnacheka, lakini wangapi tunafanya hivyo?

Gari lake likaanza tabia ya ajabu. Asubuhi linawaka vizuri. Kazini linawaka. Akitoka kununua mkate, linawaka. Lakini akishajaza mafuta tu, haliwaki. Stata inazunguka, inazunguka, gari halishiki. Au linashika, linatetemeka, linazima. Anasimama pale kwenye pampu na watoto nyuma, watu wanampigia honi. Wakambadilishia pampu ya mafuta, zaidi ya dola 600. Wiki iliyofuata amejaza tena, hali ileile.

Fikirini pamoja nami. Gari linalokataa kuwaka baada ya kujaza tu, na siku nyingine zote liko sawa, linakueleza nini? Wakati wa kujaza, petroli ikiingia inausukuma mvuke wote uliokuwa juu ya tangi. Magari ya hapa, tangu yale ya mwaka 1998 na kuendelea, yanaupeleka mvuke huo kwenye kopo la mkaa. Kwa hiyo ukimaliza kujaza, kopo limeshiba. Kama ile vali ya kunyonyea haifungi, ukiwasha tu injini inafyonza mvuke wote huo kwa mkupuo. Inasongwa. Ni kama kumpa mtoto mchanga uji kwa bakuli.

Nilimwambia aliache gari kwangu usiku, lipoe. Asubuhi nikaliwasha, nikauchomoa mpira wa vali upande wa tangi, nikaweka kidole. Injini ya baridi, sekunde chache tu tangu iwashwe, pale hapatakiwi kuwa na mvuto. Ulininyonya kidole. Nikachomoa na waya wa vali, maana bila umeme lazima ifunge. Bado ilinyonya. Nikaifungua, nikaigonga kwenye kiganja, na zikadondoka punje nyeusi, kavu, kama ulezi ulioungua. Mkaa. Kopo lilikuwa limeharibika ndani, mkaa umesafiri mpaka kwenye vali na kuiweka mlango wazi. Ilibidi tubadilishe vyote viwili, vali na kopo, kwa sababu kopo likishaanza kumwaga mkaa litaimaliza na vali mpya.

Ule mkaa uliumbiwa mvuke, hauwezi kuoga petroli yenyewe. Ukishindilia mafuta baada ya pampu kujikata, petroli inaweza kufika kwenye kopo. Kwa hiyo nawaomba, mama zangu na baba zangu: pampu ikisema taki mara ya kwanza, acha. Hesabu ya senti iachwe hivyo hivyo. Kisha zungusha mfuniko mpaka ulie, na uitazame ile raba yake kama imepasuka. Kama gari lako ni la aina isiyo na mfuniko, angalia kile kilango cha ndani kama kimejirudisha vizuri, maana vumbi likikaa pale hakifungi.

Na kama ulisahau mfuniko, ukaurudisha, taa haitazimika papo hapo. Usikimbilie kununua kitu. Kwa uvujaji wa namna hii kompyuta hungoja ishindwe mara mbili ndipo iwashe taa, na ikishaiwasha inataka ijipime na kufaulu mara tatu ndipo iizime. Inaweza kuchukua siku kadhaa, hata wiki mbili, kwa sababu haijipimi kila safari. Magari mengi hayajipimi tangi likiwa limejaa kabisa au limekaribia kukauka. Mengine yanataka injini iwe imepoa usiku kucha, na joto la nje lisiwe kali. Kwa Agosti ya hapa, saa ya kupata nafasi hiyo ni alfajiri.

Hapo ndipo naingia kwenye habari ya mzee wetu mmoja, ambaye nampenda sana, na ana Toyota Camry. Anatoka zamu, anafika nyumbani saa tatu usiku, anazima gari, analala. Usiku mmoja akaamka saa nane kwenda msalani, akasikia gari linanguruma nje. Si injini. Ni mngurumo mdogo, wa nyuma, chini kwa chini, kama jokofu la zamani. Akatoka na tochi. Hakuna mtu. Milango imefungwa, ufunguo uko ndani ya nyumba, na gari linanguruma. Kesho yake saa nane, tena. Mzee akaomba, akamwita mchungaji, mwishowe akaamua kila usiku atachomoa waya wa betri. Alifanya hivyo miezi miwili.

Mzee wangu hakuwa na kosa. Nani alimwambia? Hakuna. Toyota nyingi za siku hizi zina pampu ndogo kwenye kopo la mkaa, na zinajipima masaa matano baada ya kuzimwa, gari likiwa limetulia. Saa tatu ongeza matano, ni saa nane ya usiku. Gari lilikuwa linatafuta tundu lake lenyewe, gizani, peke yake.

Lakini kuchomoa betri kulimletea shida ya kweli. Mnajua kwamba tangu Januari 2025 Texas imefuta ule ukaguzi wa usalama wa kila mwaka kwa magari ya kawaida, ila kipimo cha moshi wa magari kimebaki kwenye kaunti kadhaa, na Tarrant na Dallas zimo. Gari la petroli lenye umri wa miaka miwili hadi 24 halisajiliwi upya bila hicho. Wanachomeka mashine, wanaiuliza kompyuta ya gari: je, umejipima? Na kompyuta ya mzee kila asubuhi ilikuwa imezaliwa upya, haikumbuki chochote. Wakamrudisha mara mbili. Kwa gari la mwaka 2001 na kuendelea, kati ya vipimo ambavyo kompyuta inajipima yenyewe, kimoja tu kinaruhusiwa kuwa hakijakamilika. Chake hakikuwa kimoja, vilikuwa karibu vyote. Hapakuwa na ubovu wowote. Tulirudisha waya wa betri, akaendesha kwenda kazini na kurudi kama kawaida yake, wiki moja na siku mbili, akapita.

Na hili liwafikie wale wanaofuta taa kwa kile kimashine cha dola 20 kwenye maegesho, kisha wanaingia kwenye kipimo dakika kumi baadaye. Mashine ya wakaguzi inaona. Umefuta na kumbukumbu za vipimo vyote. Kinunue kimashine, nakisifu, kisome namba, iandike kwenye daftari pamoja na tarehe na kiasi cha mafuta kilichokuwemo. Maduka mengi makubwa ya vipuri yanasoma namba bure pia. Lakini usifute kabla hujatengeneza. Ukifuta, unamfukuza shahidi kabla hajasema.

Sasa niseme neno kwa watu wa miezi sita, nyinyi mlioacha mikono juu. Najua mnachoniambia: fundi, gari linakwenda, halina shida, ni mvuke tu. Ni kweli. Taa hii ya mvuke unaovuja haitakuacha njiani. Ningekudanganya nikikuambia vinginevyo. Tatizo ni kwamba taa hiyo ni moja kwa magonjwa mengi, na ikishakuwa inawaka, haiwezi kuwaka tena.

Kuna kijana wetu, anafanya usiku kwenye ghala. Taa yake ilikuwa P0457, mfuniko wa mafuta uliopasuka raba. Akaizoea. Mwaka mzima. Siku moja koili ya silinda moja, ile inayopeleka umeme kwenye plagi, ikafa. Taa ikaanza kumwekamweka kila akipanda barabara kuu akakanyaga mafuta. Kumwekamweka, wapendwa, si kuwaka. Kumwekamweka ni gari linalia: petroli haichomwi, inakwenda mbichi kwenye ekzosi, punguza mwendo sasa hivi, tafuta mahali pa kusimama. Uvujaji wa mvuke haufanyi taa imweke hata siku moja. Yeye akasema moyoni, ni ileile ya mfuniko. Aliendesha siku tisa. Masega ya kwenye ekzosi, kile kichujio cha kusafisha moshi, yakayeyuka. Nilipoyatoa yalikuwa yameshikana kama asali iliyogandia kwenye sufuria. Dola 1,600, kwa sababu ya raba ya mfuniko ambayo ingemgharimu dola 15.

Na taa nyekundu sizungumzii leo, ila mniahidi tu. Nyekundu ya kipicha cha birika la oili, nyekundu ya joto: unasimama. Husubiri kufika nyumbani.

Jambo la mwisho nalisema kwa ufupi na sitaki mtu alicheke. Ukisikia harufu ya petroli ndani ya gari, au kwenye gereji ya nyumba yako asubuhi ukifungua mlango, sahau yote niliyosema kuhusu kusubiri. Mvuke wa petroli una benzini, nayo inaleta saratani ya damu. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni. Na nyumba nyingi za hapa, mtungi wa kuchemshia maji wa gesi unakaa wapi? Gereji. Una moto chini yake. Litoe gari nje kwa kulisukuma, usiliwashe. Fungua mlango wa gereji, usiguse swichi, toa watoto, kisha ndipo unipigie simu. Hata kama ni saa nane usiku, hata kama ni Krismasi.

Basi, nimesema mengi, na nje kumepata kivuli. Nimekuja na mashine ya moshi, iko pale kando ya mti, imeshapata joto. Dada wa shati la kijani, ulisema lako ni P0442 tangu Pasaka, na umeshabadilisha mfuniko na vali? Naomba ufunguo wako. Vijana, chukueni tochi mbili na lile turubai tutengeneze giza. Watoto wasogee mbali, na asiwepo mwenye sigara. Wengine zungukeni gari pande zote, inameni, mtazame chini kama mnatazama beseni. Atakayeuona moshi wa kwanza apige kelele.